Futi 540: Chuck Jones na Kazi ya Mwongozaji wa Katuni

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote: walimu, wageni, na hasa ninyi vijana mnaosomea uchoraji na filamu.

Mada niliyopewa ni Chuck Jones. Wengi wenu mmeziona kazi zake bila kumjua jina. Mbwa mwitu Coyote anayemfukuza ndege Road Runner jangwani, sungura Bugs Bunny na bata Daffy wakibishana mbele ya bunduki ya mwindaji Elmer, Grinch ambaye tabasamu lake linajikunja hadi masikioni, na zile Tom na Jerry ambamo Tom ana nyusi nene kama mwalimu wa zamu: zote zilipita mikononi mwake. Sikuja kuwasomea orodha ya sinema, orodha mtaipata popote. Nataka tuone mwongozaji wa katuni hufanya kazi gani hasa, kwa sababu watu hudhani ni mchoraji anayewazidi wenzake kuchora. Jones alichora vizuri, ndiyo, ila walikuwapo waliomzidi. Kilichomtofautisha ni kwamba aliamua mapema. Animeta, yaani mchoraji wa mwendo wa wahusika, alipoketi mezani, muda wa kila tendo ulikuwa umeshaandikwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyomfunga.

Studio ya Leon Schlesinger iliwatengenezea Warner Bros. katuni za kuonyeshwa sinemani kabla ya filamu kubwa. Katuni moja ilikuwa dakika 6 hivi. Kwa utepe wa milimita 35, hizo ni futi 540. Futi moja ina fremu 16, yaani picha moja moja za filamu, sekunde moja ina fremu 24. Zidisha 540 kwa 16 upate fremu 8,640. Gawanya kwa 24, ni sekunde 360 kamili. Sasa, katika filamu ya waigizaji mwongozaji hupiga picha za ziada, halafu mhariri akakata. Katika katuni kila fremu imeshalipiwa: kuna animeta, kuna msaidizi wake, kuna mpiga wino, mpakaji rangi na mpiga kamera. Ukitengeneza futi 600 kisha ukakata 60, umetupa sekunde 40 za jasho la watu, na mtayarishaji hakuwa tayari kulipia sekunde 40 zisizoonekana. Kwa hiyo hapakuwa na chumba cha uhariri cha kwenda kujiokoa. Uhariri ulifanyika kichwani kwa mwongozaji, wiki nyingi kabla ya kamera kuwashwa.

Na muda wenyewe haukuwa wa kuchezea. Mwongozaji alidaiwa katuni kama 10 kwa mwaka, yaani moja kila wiki 5. Jones kwa kawaida alikuwa na animeta 4. Gawanya futi 540 kwa wanne, kisha kwa wiki 5: kila mmoja anadaiwa futi 27 kwa wiki, sawa na sekunde 18 za mwendo. Sekunde 18 zinasikika kidogo mpaka uzichore.

Alifikaje hapo? Jina lake kamili ni Charles Martin Jones, mzaliwa wa Spokane katika jimbo la Washington, tarehe 21 Septemba 1912. Alikulia Los Angeles, jirani kabisa na mahali Charlie Chaplin na Buster Keaton walipokuwa wakipiga filamu zao za kimya, na alama ya mabwana hao wawili iko katika kila kitu alichofanya baadaye. Akasoma sanaa katika chuo cha Chouinard. Mwaka 1932 akapata kazi kwa mtengeneza katuni Ub Iwerks, na kazi yenyewe ilikuwa kuosha.

Niieleze kazi hiyo kidogo, kwa sababu inafundisha. Mhusika wa katuni alichorwa kwanza kwa penseli kwenye karatasi, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye plastiki angavu: mistari ya wino upande wa mbele, rangi upande wa nyuma. Plastiki hiyo iliwekwa juu ya picha ya mandhari, ikabanwa na kioo, kamera iliyoning'inia juu ya meza ikapiga fremu moja au mbili, kisha ikaja plastiki nyingine. Ili kila mchoro ukae mahali pake, karatasi na plastiki zote zilitobolewa matundu yaliyoingia kwenye vigingi vilevile, kuanzia meza ya animeta hadi meza ya kamera. Picha zikishapigwa, plastiki ilioshwa wino na rangi ili itumike tena, kwani ilikuwa bidhaa ya gharama. Ukiiosha vibaya unaikwaruza, na mkwaruzo usioonekana mkononi hung'aa kama uzi wa fedha chini ya taa za kamera.

Kuna kosa jingine la plastiki linalowasumbua wanaoanza hata leo wakijaribu mbinu ya zamani. Plastiki si angavu kabisa. Kila tabaka unaloongeza linafifisha kidogo rangi zilizo chini yake. Mhusika akiwa peke yake kwa fremu 40, kisha akaingia mwenzake kwenye tabaka la juu, rangi ya yule wa kwanza inabadilika ghafla na mtazamaji anaiona kama mruko. Dawa yake ni ndogo: tangu fremu ya kwanza ya tukio weka plastiki tupu juu, ili idadi ya tabaka isibadilike mpaka mwisho. Mtu aliyeanzia kwenye kuosha na kupaka rangi hahitaji kuambiwa hili. Jones alipanda ngazi kutoka hapo: kupaka, kupiga wino, kuchora michoro ya kati, yaani ile inayojaza nafasi baina ya mikao mikuu ya animeta.

Mwaka 1933 alihamia kwa Schlesinger. Mwaka 1935 akaja mwongozaji Tex Avery, na studio ikamweka na kikundi chake katika kibanda cha mbao kilicholiwa na mchwa. Jones na Bob Clampett walikuwa humo kama animeta. Avery ndiye aliyewaonyesha kwamba katuni haina sababu ya kumwiga Disney. Inaweza kwenda kasi, ikavunja sheria za maumbile, ikamsemesha mtazamaji uso kwa uso. Mwaka 1938, mwongozaji mwenzao Frank Tashlin alipoondoka, Jones akapewa kuongoza. Katuni yake ya kwanza ni The Night Watchman.

Hapa niseme wazi: miaka yake ya mwanzo haichekeshi. Alimpenda Disney kupita kiasi. Alikuwa na panya wake, Sniffles, mpole, mwenye macho makubwa, anayetembea polepole kama ana homa. Michoro ni safi, vivuli vimepakwa kwa uangalifu, lakini kila tendo limepewa fremu nyingi kuliko linavyostahili. Mhusika akigeuza kichwa anatumia sekunde nzima. Ukitaka kujua ubaya wa muda uliolegea, tazama katuni zake za 1939 na 1940, kisha tazama za 1950. Mchoraji ni yuleyule.

Badiliko lilikuja mwaka 1942 na The Dover Boys. Humo Jones na wenzake waliacha kujaza kila nafasi kwa mwendo laini. Mhusika anakaa katika mkao mmoja, imara, ametulia. Kisha, ndani ya fremu chache tu, mwili mzima unavutwa kama rangi iliyopanguswa kwa kidole kutoka upande huu wa skrini hadi ule, halafu anatua katika mkao mpya na kutulia tena. Ukisimamisha ile fremu ya kati unaona kituko: meno mahali pa bega, kola imenyooka futi mbili. Ikienda kwa kasi yake, jicho linaona mtu amesogea haraka, basi. Faida ni mbili. Michoro inapungua, na mikao miwili ya mwanzo na mwisho inasomeka vizuri zaidi kwa sababu hakuna uji wa mwendo katikati.

Tahadhari kwa wanaotaka kuiga: mchoro wa kuvutika unapaswa kuelekea kule mwili uendako, na ukae fremu 1, zikizidi sana 2. Ukiuacha fremu 4, mtazamaji anauona kama mchoro na anajiuliza kimetokea nini. Na mkao unaofuata lazima upewe muda. Mkao mpya usiopata fremu 8 hadi 12 hausomeki; utakuwa umekimbia kwenda mahali ambapo hakuna aliyekuona ukifika.

Vita vikamkuta hapo. Jeshi la Marekani lilihitaji katuni za kuwafundisha askari, na Jones akaongoza kadhaa za Private Snafu, askari mzembe wa katuni, akifanya kazi na Theodor Geisel, ambaye dunia inamjua kama Dr. Seuss. Urafiki huo ulikuja kuzaa matunda miaka 20 baadaye. Mwaka 1944 Schlesinger aliiuza studio kwa Warner Bros., na Eddie Selzer akawa mtayarishaji. Selzer hakuwa mtu wa vichekesho. Jones alikuwa akisimulia kwamba siku moja Selzer alisimama mlangoni akasema hataki katuni za kupigana na fahali, hazichekeshi. Yeye na mwandishi wake Michael Maltese hawakuwa na mpango wowote wa katuni ya fahali. Wakatazamana, wakasema huyu hajawahi kupatia, basi lazima kuna kitu. Ndipo ikatoka Bully for Bugs, mwaka 1953.

Tukae kidogo na hicho kikundi, kwa sababu jina la Jones pekee linawaficha watu. Maltese alikuwa mwandishi, na katika studio hizo mwandishi wa katuni alikuwa mtu wa kuchora pia: hadithi ilibandikwa ukutani kwa michoro kama 150. Maurice Noble alisanifu mandhari na rangi, Philip DeGuard akazipaka. Ken Harris, Ben Washam, Lloyd Vaughan na Abe Levitow walikuwa miongoni mwa animeta. Carl Stalling aliandika muziki, Treg Brown akatengeneza vishindo, na Mel Blanc akatoa sauti karibu zote. Kila hadithi ilianza na kikao cha saa mbili hivi chenye sharti moja: hairuhusiwi kusema hapana. Una wazo, ongeza. Huna, nyamaza. Kukataa kulikuwa na siku yake. Vikundi vingi vya kwetu vya kuandika vichekesho hufa katika dakika 15 za kwanza kwa sababu hakuna aliyeweka sharti hilo.

Baada ya kikao, sauti zilirekodiwa kwanza, maana mdomo huchorwa kufuata maneno. Halafu Jones alijifungia na kuchora mikao mikuu ya katuni nzima, michoro kama 300. Haikuwa michoro ya kupigwa picha. Ilikuwa maagizo: hapa jicho moja limefumba, hapa uzito uko mguu wa kushoto, hapa nyusi ya kulia imepanda. Na sambamba na michoro hiyo aliandika karatasi ya fremu.

Karatasi ya fremu ni jedwali refu. Kila mstari ni fremu moja. Safu moja ina maneno yaliyokatwa silabi kwa silabi, safu nyingine namba za michoro kwa kila tabaka, nyingine maagizo ya kamera. Mwongozaji anaandika: fremu ya 1 hadi 9 anatazama, ya 10 na 11 anapepesa, ya 12 hadi 30 ametulia, ya 31 anaruka. Muziki nao huhesabiwa kwa fremu. Pigo moja kila fremu 12 ni mapigo 2 kwa sekunde, mwendo wa gwaride. Pigo kila fremu 8 ni kukimbia. Pigo kila fremu 16 ni mtu asiye na haraka. Mwongozaji akimtembeza mhusika kwa fremu 12 kwa hatua, Stalling anajua hapohapo mapigo ya wimbo, hata kabla ya kuona mchoro mmoja. Ndiyo maana muziki wa katuni hizo umeshikana na miguu. Kwa kishindo kinachoangukia tendo, desturi ya animeta ni kuitanguliza picha fremu 1 au 2 mbele ya sauti. Sauti ikitangulia, hata kwa fremu moja, mtazamaji anahisi kuna kasoro ingawa hataweza kuitaja.

Kwa kawaida mchoro mmoja hupigwa fremu 2, hivyo sekunde ina michoro 12, na hiyo inatosha. Isipokuwa kamera inaposogea pamoja na mhusika. Mandhari inapoteleza kila fremu huku mhusika akibadilika kila fremu 2, miguu yake inatetemeka juu ya ardhi. Hapo lazima uchore kila fremu, na gharama inaongezeka maradufu. Kwa hiyo hata uamuzi wa kusogeza kamera ni uamuzi wa fedha.

Sasa tuje kwa Coyote, maana hapo hesabu hizi zinaonekana uchi. Fast and Furry-ous ilitoka 1949, na sauti ile ya ndege, "beep beep", ni ya Paul Julian, mchoraji wa mandhari, ambaye alikuwa akiitoa kwenye korido za studio ili watu wampishe. Katika katuni hizi Coyote huanguka tena na tena kutoka kwenye genge refu, na tunamtazama kutoka juu. Jones alieleza kanuni yake: fremu 18 za kupungua mpaka apotee, kisha fremu 14 za kutotokea chochote, kisha kijivumbi kidogo huko chini. Alisisitiza kwamba 13 hazikuchekesha, na 15 pia hazikuchekesha.

Fremu 18 ni robo tatu za sekunde. Fremu 14 ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kwa nini zikae hivyo? Vumbi likitokea mara tu anapopotea, akili inasema amegonga ukingo ulio karibu, genge limekuwa fupi. Likichelewa mno, macho yameshahama. Nusu sekunde ile ndiyo inayojenga urefu wa genge. Urefu haupo kwenye mchoro, upo kwenye kungoja. Na wanaochora anguko hili kwa mara ya kwanza hukosea jambo lilelile: wanampunguza mhusika kwa kiasi sawa kila mchoro. Kitu kinachokwenda mbali hupungua haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Michoro mitano ya kwanza ifanye kazi kubwa ya kupunguza. Iliyobaki ni nukta inayosita kupotea.

Kabla ya anguko kuna kile kituo maarufu. Ardhi imekwisha, Coyote amesimama hewani, haanguki mpaka ajue. Anapapasa kwa mguu. Masikio yanalegea. Anatugeukia sisi. Mara nyingine mwili unatangulia kuanguka, shingo inanyooka, na kichwa kinabaki juu kikituangalia kwa fremu kadhaa kabla ya kuvutwa. Hakuna maneno. Jones alitoa orodha ya sheria za mfululizo huu: ndege haondoki barabarani, Coyote hadhuriwi ila na uzembe wake au bidhaa mbovu za Acme, kampuni ya kubuni, hapana mazungumzo, aibu izidi maumivu. Maltese alipoulizwa baadaye kuhusu sheria hizo alisema hajawahi kuzisikia. Nami nadhani zote mbili ni kweli: Jones aliziandika baada ya kutazama walichokuwa wakifanya tayari.

Kwa Bugs sheria ilikuwa halisi zaidi. Sungura wa hadithi zetu huanza ugomvi mwenyewe. Humwibia Fisi chakula na kumgeuza punda wa kupanda, kwa raha zake tu. Sungura wa Jones haruhusiwi kuanza. Lazima achokozwe kwanza shimoni mwake, ndipo ajibu, na akijibu hana haraka. Daffy naye alibadilishwa. Kwa Avery na Clampett alikuwa kichaa anayerukaruka. Kwa Jones ni mtu mwenye wivu na woga ambaye ana hakika kwamba anaonewa. Katika Rabbit Fire ya 1951 na mbili zilizofuata, wawili hawa wanabishana ni msimu wa kuwinda nani, na Daffy kwa ulimi wake mwenyewe anamwamuru Elmer afyatue. Angalieni mdomo wake baada ya kila risasi: mara umezunguka nyuma ya kichwa, mara umepanda juu, mara umeanguka chini na anauokota. Kichekesho ni kilekile, umbo halirudiwi. Na hapo katikati kuna kimya kirefu, Daffy akiurudisha mdomo mahali pake kwa heshima zake zote.

Miaka hii, 1949 hadi 1957, ndiyo kilele, na nitaipitia kwa kuchagua. Katuni mbili zilizotoka chini ya uongozi wake zilipata Oscar kwa mwaka 1949, moja yenye kicheche Pepé Le Pew na nyingine ya afya ya jamii, So Much for So Little. Duck Amuck ya 1953 inamvua Daffy mandhari, sauti, rangi, hata mwili, na bado unamjua ni yeye. Ni mtihani wa kujua kama mhusika wako yupo kweli au ni vazi tu. One Froggy Evening ya 1955 ina chura anayemwimbia mtu mmoja tu, na binadamu wote ndani yake hawatamki neno.

Lakini kwa wanafunzi mimi huweka juu Feed the Kitty ya 1952. Mbwa mkubwa, Marc Antony, anampenda paka mdogo na kumficha asionekane na mwenye nyumba. Kwa makosa anaamini paka ameingia kwenye unga wa biskuti na kuokwa. Mama wa nyumba, asiyejua lolote, anampa biskuti yenye umbo la paka ili kumtuliza. Mbwa anaipokea. Anaiangalia. Mdomo wa chini unatetemeka, fremu chache tu, unatulia, unatetemeka tena. Kisha anaiweka biskuti mgongoni, pale paka alipokuwa akilala. Michoro ni michache ajabu. Mwili hausogei, nyusi na mdomo ndivyo vinavyofanya kazi yote. Mchoraji mwoga angemfanya mbwa huyo agaegae chini kwa sekunde 10.

What's Opera, Doc? ya 1957 iliwachukua wiki 7 badala ya 5. Muziki wa Wagner, mtunzi wa opera, ulirekodiwa kwanza na okestra, michoro ikafuata. Ina mikato zaidi ya 100, wingi usio wa kawaida kwa dakika 6. Zile saa za ziada wafanyakazi waliziandika kwenye kadi za saa za kazi za katuni ya Road Runner iliyokuwa rahisi kumaliza. Noble alimpaka Elmer wekundu mkali chini ya mbingu za zambarau, na idara ya rangi ikadhani amerukwa na akili. Mwaka 1992 iliingizwa kwenye hazina ya taifa ya filamu ya Marekani.

Kuanguka kwa studio kulikuja kwa awamu. Mwaka 1953 Jack Warner aliamini filamu zote zitakuwa za 3D, akaifunga idara ya katuni kwa miezi kadhaa. Jones akaenda Disney kwa miezi 4 hivi, akarudi. Katuni pekee ya 3D waliyotengeneza, Lumber Jack-Rabbit, ni yake, na haina ajabu lolote. Mwaka 1958 Maltese akaondoka na Stalling akastaafu. Mwaka 1962 Warner waligundua kwamba Jones na mkewe Dorothy walikuwa wameandika Gay Purr-ee kwa studio nyingine, ilhali mkataba wake ulimkataza. Waligundua kwa sababu filamu hiyo ililetwa kwao waisambaze. Akafukuzwa.

Kwa studio ya MGM alitengeneza Tom na Jerry 34 kati ya 1963 na 1967, akiwa na baadhi ya watu wake wa zamani. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwaelewa wahusika hao, na inaonekana. Tom na Jerry wa Hanna na Barbera, waliowabuni, ni watu wa mwili: nyundo, vidole, mlango. Jones akawapa tafakari. Tom anatazama kamera, anainua nyusi, anawaza, na wakati huo ugomvi umepoa. Zinapendeza kutazama, hazichomi. Hata hivyo hukohuko MGM alitoa The Dot and the Line, ya 1965, mapenzi ya mstari na nukta, ikapata Oscar. Na mwaka 1966 akamshawishi rafiki yake wa Snafu akubali hadithi yake ya Grinch iende kwenye televisheni, na sauti ya mwigizaji Boris Karloff. Kitabu ni kifupi kwa nusu saa. Jones alijaza nafasi kwa kumkuza mbwa Max, ambaye hasemi kitu na anaona kila kitu. Hiyo ni Feed the Kitty imerudi. Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1996, akafariki tarehe 22 Februari 2002 huko California akiwa na miaka 89.

Mkitaka kujifunza kwake, hesabuni fremu, lakini jihadharini na nakala. Katuni hizi zilipigwa kwa fremu 24. Televisheni za kwetu, kwa mfumo wa PAL, zilizionyesha kwa 25: hakuna fremu iliyoongezwa, mkanda ulienda haraka zaidi kwa asilimia 4 hivi, na dakika 6 zikawa 5 na sekunde 46. Hesabu yenu ya fremu itakuwa sahihi, sekunde hazitakuwa, na sauti ya Blanc imepanda kidogo. Nakala za Kimarekani za fremu 30 ni tatizo zaidi, kwani kila fremu 4 zimegeuzwa 5. Anguko la fremu 18 litaonekana 22 au 23. Mkiona fremu mbili zinazofanana kabisa, au moja iliyochanganya picha mbili, kila baada ya chache, jueni ni hizo, ziondoeni kwanza.

Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyezeni herufi E, filamu inasogea fremu moja moja. Chukueni karatasi, pigeni safu nne: fremu, mchoro, sauti, kamera. Mchoro mpya ukitokea, andikeni namba mpya. Usipobadilika, chora mstari kushuka. Baada ya sekunde 10, yaani mistari 240, mtaona wenyewe amekaa wapi na amekimbia wapi. Kompyuta tatu ziko tayari hapa mbele. Kundi la kwanza lichukue Feed the Kitty, kuanzia biskuti inapotolewa kwenye jiko; la pili lichukue anguko lolote la Coyote, mradi tu tunamtazama kutoka juu.